Theluthi Mbili ya Nini?

Juzi usiku, kabla sijamaliza chai, binti yangu alinisukumia daftari lake la hesabu na kuniuliza inakuwaje mtu agawanye 20 kwa robo tatu na apate namba inayozidi 20, ilhali kugawanya ni kupunguza. Swali lenyewe lilihusu mtungi wa maziwa wa lita 20 unaomiminwa katika chupa za robo tatu ya lita. Nilipoziona namba hizo nilinyamaza kwa muda, hata akadhani nimeshindwa. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimerudi Kisumu, kwenye kibanda cha Mjomba pale soko la Kibuye, na mbele yangu amesimama mama mmoja aliyekunja uso.

Ilikuwa ile miezi ya kungoja matokeo ya kidato cha nne. Mjomba hakuwa na haja ya msaidizi, ila dada yake alikuwa amemsihi, na kwa hivyo nikafagia vipande vya nguo, nikashona vifungo na, kwa kuwa ndimi niliyeitwa msomi, nikakabidhiwa kitabu cha oda. Mama huyo alileta mita 20 za kaki zishonwe kaptura za wanafunzi wadogo, kila moja ikila robo tatu ya mita. Niligeuza robo tatu, nikazidisha kama nilivyofundishwa, nikapata 80 juu ya 3, yaani 26 na theluthi mbili. Nikaandika kwa mwandiko wa kujivunia: kaptura 26, salio theluthi mbili ya mita. Aliponiuliza hizo ni sentimita ngapi, nilimjibu bila kusita kwamba ni kama 67. Akafurahi, akasema zitamtosha mwanawe wa chekechea kaptura moja.

Alirudi Jumapili, siku ambayo Kibuye hujaa hadi mtu hana pa kukanyaga. Alihesabu kaptura mara mbili, zikatimia 26, kisha akaomba salio lake. Mjomba alilitandaza mezani, akalinyoosha kwa kiganja na kulipima: sentimita 50. Mama akachukua tepu akapima mwenyewe, halafu akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza viatu, kwamba mafundi ni walewale, hawawezi kuacha kitambaa cha mtu kikafika nyumbani kizima. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waliinua macho. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha oda, na mkono ulianza kunitoka jasho.

Mjomba hakumjibu. Alivuta kutoka rafuni kipande kingine cha kaki ambacho tayari alikuwa amekikata robo tatu kamili, akakikunja mikunjo mitatu iliyo sawa, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila kunjo hadi pakabaki mstari, kisha akakikunjua. Juu yake akalaza lile salio, akilinganisha pindo kwa pindo. Lilifunika sehemu mbili, ya tatu ikabaki wazi. Alivua miwani akanigeukia mimi, si yule mama.

"Theluthi mbili ya nini?"

"Ya kaptura, Mjomba."

"Mbona basi umeandika ya mita?"

Mjomba aliacha shule akiwa darasa la nne. Sikuwa na la kumwambia, kwa maana kanuni ya kugeuza na kuzidisha nilikuwa nayo kichwani nzima, ila hakuna mahali ndani yake panapokwambia kile kibaki ni sehemu ya kitu gani. Kaptura 26 zilikuwa zimekula mita 19 na nusu. Mtoto yeyote anayejua kutoa angeliona hilo.

Mama aliipapasa ile sehemu iliyobaki wazi, akatazama kitabu, akanitazama. "Kwa hivyo kitambaa changu hakijapotea," alisema, "ila kaptura ya mtoto wangu imepotea." Akakunja nusu mita yake, akalipa, akaondoka. Hakurudi tena, na hadi leo sijui kama alituamini au alichoka tu kubishana. Mjomba alikifungia kitabu cha oda kwenye droo, nami nikarudi kwenye vifungo. Matokeo yalipotoka na hesabu ikawa ndiyo alama yangu bora, alicheka hadi akashikilia cherehani.

Nilimweleza binti yangu kwamba kila lita moja inajaza chupa moja na theluthi ya nyingine, ndiyo maana jibu linazidi 20. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, akaandika 26 na theluthi mbili, akapiga mstari chini yake. Nikamuuliza ni theluthi mbili ya nini.

"Baba, hilo halijaulizwa," akasema, akafunga daftari.