Kishoka hana cha kukufichia

Nje ya mahakama nyingi hapa Tanzania utamkuta jamaa na mkoba wake, suti imepauka, ndani ya mkoba kuna mihuri na fomu za kiapo, na watu wamempangia foleni wanamweleza mambo yao yote mpaka yale ambayo hata nyumbani hawajasema. Kwa nini? Eti "wakili haruhusiwi kutoa siri". Ni kweli, wakili haruhusiwi, ila huyo sio wakili jamani, huyo ni kishoka, yaani anajifanya wakili bila leseni!

Kinga yenyewe iko kwenye Sheria ya Ushahidi ya 1967 (Sura ya 6 ya Sheria za Tanzania), ile iliyokuja kuchukua nafasi ya sheria ya India ya 1872 tuliyoachiwa na Mwingereza. Uliyomwambia wakili kwa ajili ya kazi uliyompa, na ushauri aliokupa, hawezi kuyasema mahakamani mpaka wewe ukubali, na hata mkishaachana bado amefungwa mdomo. Karani wake na mkalimani hivohivo. Siri ni yako mteja, sio yake.

Sasa kishoka akiitwa kutoa ushahidi anamwaga yote tu, hakuna kifungu cha kumzuia.

Na hata kwa wakili halisi kuna mpaka. Ukimwambia "mwaka jana niligushi hati ya kiwanja, nimeshitakiwa, nitetee", hiyo imefunikwa. Ukimwambia "nisaidie tugushi hati tumdhulumu shangazi", hapo hakuna siri, hayo ni maandalizi ya uhalifu na sheria haiyalindi. Wengi hawaijui hii tofauti aisee.

Daktari na padri je? Wana miiko ya kazi zao sawa, lakini kinga kama ya wakili sheria hii haikuwapa. Mke au mume kwa kawaida halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake kwenye jinai, ila akitaka mwenyewe anasema, na kama kosa lenyewe ni kumpiga yeye basi usitegemee chochote.

Kwahiyo kabla hujafungua mdomo ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, andika jina lake uone kama yumo na kama leseni yake iko hai. Asipokuwemo, akuandikie fomu tu kama huna jinsi, ila stori za ndani baki nazo.