Kibaba Tunachowapimia Wengine

Assalamu alaykum warahmatullah, ndugu zetu.

Suratul Mutaffifin (83) yaanza na ole kwa wapunjao: wakijipimia kwa watu hutaka kibaba kijae, wakiwapimia watu hupunguza. Tukiisikia, akili hukimbilia Marikiti kwa muuza mchele. Sheikh Abdur-Rahman as-Sa'di, aliyefariki mwaka 1376 Hijria, aliifasiri kwa upana zaidi: na hoja zimo. Mwenye kujadiliana, kama anavyopenda kutoa hoja zake, inampasa abainishe na hoja za mwenzake, hata zile ambazo mwenzake hazijui. Mihadhara yetu mingi ya kujadiliana na Wakristo hupunja hapo.

Upunjaji mkubwa ni kukata andiko. Mhadhiri hufungua Luka 19:27, penye amri ya kuwachinja maadui, akasema hiyo ndiyo Injili ya Wakristo. Anza mstari wa 11 uone: ni mfano, na anayetoa amri ni mfalme aliye ndani ya mfano. Wenzetu nao hututolea Suratut Tawba aya ya 5, penye amri ya kuwaua washirikina, wakafunga Mus-haf kabla ya aya ya 6, inayotaka mshirikina akiomba ulinzi alindwe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Aya ya 4 nayo ilikwisha kuwaondoa katika amri hiyo washirikina waliotimiza mkataba. Hili la pili hutuuma sana. La kwanza twalipigia takbir.

Kisha kuna kueleza imani ya mtu kwa namna asiyoikiri. Ukisema Wakristo wana miungu watatu, Mkristo atakukatalia papo hapo, maana katika ibada yake hukiri Mungu mmoja, na kutoka hapo hakusikilizi tena. Eleza Utatu jinsi wao wanavyoueleza, mpaka aseme "naam, ndivyo," ndipo utoe pingamizi lako. Sisi wenyewe huambiwa twaabudu jiwe, ilhali Umar bin Khattab (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi alitamka kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi.

Na usiweke Qur'ani upande mmoja, upande wa pili ukaweka mchungaji aliyekula sadaka. Kitabu kwa kitabu, mtu kwa mtu. Hata historia ya mji huu twaisimulia nusu. Kuwa Wareno wa Almeida waliichoma Mombasa 1505, kila baraza lajua. Kuwa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa katika Ukristo kisha akarejea Uislamu, aliiteka Ngome ya Wareno (Fort Jesus) na kuwaua Wareno pamoja na Waafrika Wakristo, hilo husikii. Mauaji hayo ya 1631 yana sababu zake, na dhulma ya makapteni Wareno wa Ngome ni mojawapo; itaje, lakini waliouawa wataje pia.

Hakuna anayesema tunyamaze. Aal Imran aya ya 75 yawakosoa Watu wa Kitabu waziwazi, na bado yawatofautisha: yupo ukimwamini na mrundi wa mali atakurudishia, na yupo ambaye hata dinari moja harudishi mpaka umsimamie.

Kabla ya Ijumaa ijayo, someni Tawba 1 hadi 6 na Luka 19:11 hadi 27, zote kwa ukamilifu. Mwenye jirani Mkristo amuulize yeye kwanza huo mfano wauelewa vipi, na amwachie amalize.