Tulivyoipata Kolwezi usiku, vita vya Shaba vya 1977

Machi 1977, wapiganaji wa FLNC, waasi wa Kikongo, walipoingia jimbo la Shaba (Katanga) huko Zaire kutoka Angola na kufuata reli hadi Mutshatsha, nilikuwa opereta wa redio ya jeshi hapa Lubumbashi, zamu ya usiku. Kazi yangu ilikuwa moja: kituo cha redio cha Kolwezi kisipotee hewani.

Na ilikuwa inapotea. Mchana, kwenye masafa (kasi ya mitetemo ya wimbi) ya megahezi 7, tulisikizana vizuri. Jua likizama, kimya. Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, walitupokea safi. Kolwezi jirani hatuipati! Adjudanti wetu (ni cheo cha jeshi), fundi kwelikweli, ndiye aliyenifungua macho. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa chini. Usiku tabaka hilo hudhoofika: wimbi linalopanda wima hulitoboa na kwenda zake, linalopanda kwa mshazari hurudi, ila huangukia mbali, Kolwezi limekwisha kuiruka. Wimbi la masafa ya chini zaidi hurudishwa hata likipanda wima. "Mwanangu," akaniambia, "shusha masafa, ushushe na waya."

Antena yetu ilikuwa waya wa kama mita 20, nusu huku, nusu huku. Kwa megahezi 3.5, nusu ya zile 7, urefu lazima uwe maradufu. Nikaunga mita 10 kila ncha, nikiisugua shaba hadi ing'ae kabla ya kuisokota, maana kiungo kichafu hula nguvu. Kisha nikauteremsha waya mpaka mita tatu hivi kutoka ardhini. Wengi huamini antena ni kuipandisha tu. Kwa umbali kama huu, sivyo: waya ulio chini hurusha wimbi wima, likashuka karibu.

Kolwezi ikarudi, pamoja na mikwaruzo ya radi, kwani mvua zilikuwa hazijaisha. Sauti ya mtu ilizama kabisa. Morse, herufi zinazopigwa kwa milio mifupi (ti) na mirefu (taa), ilipita: mlio mmoja mwembamba, sikio huuchomoa katikati ya kelele. Ujumbe ulikuja kwa mafungu ya herufi tano tano, ya siri, kwa hiyo herufi iliyomezwa na radi huwezi kuibahatisha. Napiga ti-ti-taa-taa-ti-ti, alama ya kuuliza, na mwenzangu wa Kolwezi anarudia fungu lile bila kuchoka. Nilimjua kwa mkono wake: taa yake ya mwisho aliivuta kidogo. Nikiisikia, moyo ulitulia. Yu hai, na kituo kipo.

Likabaki suala la saa. Pande zote mbili lazima zihame masafa kwa pamoja, la sivyo mtatafutana usiku kucha. Tukapatana kuhama kabla jua halijazama, na tena alfajiri. Adjudanti akaziandika saa hizo kwa chaki ukutani, juu ya meza ya redio, ili anayeingia zamu asiulize mtu. Tulizifuata hadi Mei, FLNC waliporudi Angola.