Kondoa na Fedha za Miaka Mitatu

Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wakazi wa huku tunaufahamu zaidi kwa jina la HADO. Miaka ya mwanzo ilitumika kuchimba matuta na kupanda miti, lakini badiliko kubwa lilikuja baada ya 1979, pale mifugo yote ilipoamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, mkoani Dodoma, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Vilima vilivyokuwa vipara vilirudisha nyasi, kisha vichaka, kisha miti, na sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda. Ilichipua kutoka kwenye mizizi iliyokuwa imesalia ardhini.

Gharama ya mafanikio hayo haikuwa ya Sweden peke yake. Kaya za Warangi zilizokuwa na ng'ombe zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao kwa amri moja, na ilichukua takriban miaka kumi kabla ya ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumpelekea ng'ombe bandani, kuanza kuruhusiwa. Kila ninaposoma taarifa inayoisifu Kondoa bila kuwataja watu hao, huwa naona hesabu imefungwa kabla haijakamilika.

Siku hizi njia ya kurejesha miti inayotajwa zaidi Dodoma ni kisiki hai. Mkulima huchagua kisiki chenye uhai shambani mwake, tuseme cha mgunga, ambacho kila msimu hutoa machipukizi mengi yanayosongana na kuishia kuwa kichaka cha kuliwa na mbuzi. Huacha machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, hupogolea mengine kwa panga, hufunga kitambaa kama alama ya kwamba mti huo una mwenyewe, kisha hurudia kazi hiyo kila machipukizi mapya yanapozidi. Hakuna kitalu wala maji ya kumwagilia, jambo kubwa katika mkoa ambao mvua yake ya mwaka ni wastani wa milimita 600 hivi, nayo hunyesha kwa msimu mmoja tu.

Unafuu huo ndio unaoleta taabu, ajabu iliyoje, mtu anapoandika andiko la mradi. Fomu nyingi nilizowahi kujaza zina safu ya miche itakayopandwa na hazina safu ya visiki vitakavyolindwa. Muda nao ni miaka miwili au mitatu, muda ambao chipukizi la mgunga bado linafikiwa na mbuzi, na mtafiti wa bayoanuwai hawezi kusema kwa uhakika kama ndege, wadudu na nyasi za asili vimerejea au ni mvua nzuri ya mwaka huo tu.

Fedha zimeahidiwa. Makubaliano ya kimataifa ya Kunming-Montreal kuhusu bayoanuwai, ya Desemba 2022, yanataka angalau asilimia 30 ya mifumo ikolojia iliyoharibika iwe katika hatua za kurejeshwa ifikapo 2030, na nchi tajiri zifikishe dola bilioni 30 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea kufikia mwaka huohuo. Tanzania nayo iliahidi kurejesha hekta milioni 5.2 kupitia AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha ardhi na misitu iliyoharibika. Hekta huandikwa kirahisi. Kinachokosa mfadhili ni posho ya kamati ya kijiji inayosimamia sheria ndogo za malisho, mazungumzo na wafugaji kabla mipaka haijachorwa, na mtu wa kurudi kwenye viwanja vilevile vya utafiti baada ya miaka kumi na kuvipima upya.

Katika kila andiko ninaloshiriki sasa naviweka vitu hivyo vitatu katika bajeti. Posho na mazungumzo hupita mara nyingi, yakipunguzwa kidogo. Kipimo cha baada ya mradi ndicho kinachokatwa kwanza, kwa maelezo kwamba gharama hiyo inaangukia nje ya kipindi cha ufadhili.