XA2 imeacha kuvuja mwanga, kumbe ni bawaba

Hatimaye! Filamu ya kamera yangu ndogo ya Olympus XA2 niliyosafisha jana usiku imetoka safi mwanzo hadi mwisho, ule mstari wa mwanga uliokuwa unaniharibia picha haupo. Nimezikagua negativu dirishani moja moja, na leo nimezirudia tena.

Mstari wenyewe ulikuwa unakaa kushoto mwa picha, mpana chini, unachongoka ukipanda. Kwenye Kodak Gold, filamu ya rangi, ulitoka rangi ya chungwa, dalili kwamba mwanga unaingilia nyuma ya filamu. Tena kwenye negativu, ambako mwanga huonekana mweusi, weusi ulivuka fremu hadi kwenye matundu ya pembeni. Ingekuwa lenzi au shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), weusi ungeishia ndani ya fremu. Basi ni mlango wa nyuma.

Sponji za kuzuia mwanga kwenye mifereji ya mlango nilizikwangua zote. Kwa joto la Kigoma zilishageuka lami, zikamaliza pamba za masikio na spiriti yangu. Nikalaza uzi mweusi wa kufumia. Mstari ukabaki palepale! Nilikereka, nikaitupia kamera kabatini.

Jibu lilikuwa kwenye huo upande wa kushoto. Lenzi inapindua kila kitu, kwa hiyo kushoto mwa picha ni kulia mwa kamera ukiitazama kwa nyuma, na kulia ndiko iliko bawaba. Uwazi wa pale ni mpana, uzi hauwezi kuuziba. Ndiyo maana fremu zilizoharibika zaidi ni zile zilizosubiri muda mrefu huku kamera ikining'inia juani. Fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga akanipa kipande cha mahameli nyeusi. Tabaka moja, mwanga ukapita. Mbili, mlango ukagoma kufunga. Kilichokubali ni tabaka moja juu ya ukanda mwembamba wa sponji, na mlango sasa unafunga kwa mlio mmoja mkavu ambao naupenda sana.

Wapo wanaopenda mivujo ya mwanga, na picha zao nazifurahia. Mimi XA2 naipendea kona zinazofifia na chembechembe za HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe. Mstari unaokata uso wa mama anayeanika dagaa haumwongezei chochote, unamfuta tu.

Halafu betri. LR44, betri za alkali za kwa fundi saa, zinafanya kazi, ila nguvu yake hushuka kidogo kidogo. SR44, ya oksidi ya fedha, inabaki imara karibu hadi mwisho. Kwa kamera ambayo shata yake yote ni ya umeme, mimi nalipa hiyo tofauti ya bei.

Sasa nilipaswa kumalizia picha za jengo la stesheni, nilikuwa nimebakiza upande wa reli. Nimeacha. Juzi jioni nilipita ufukwe wa Kibirizi mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa zake, nikaiweka kamera juu ya jiwe, nikavuta ule mkono wa chini wa kuchelewesha shata ili ujipige mwenyewe, ambao pia huwa mguu wa kuiegemeza, nikabonyeza. XA2 inaweza kuacha shata wazi hadi sekunde 2. Taa zimechora mikunjo ya mawimbi yenyewe, kila mtumbwi na mwandiko wake, na milima ya Kongo inaonekana kwa mbali nyuma yake.

Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, kwa hiyo nasubiri giza. Nimebakiwa na HP5 mbili. Sahani ya ASA, ya kupanga wepesi wa filamu kushika mwanga, inafika 800, nitaziweka hapo na kuongeza muda wa kusafisha, barafu ya kupoza maji ya kusafishia nimeshaagiza kwa jirani.