Maduka matatu, na mkongo uliokatika baharini

"Weka kila kitu kwenye seva moja ya mtandaoni, usijisumbue," aliniambia fundi niliyemlipa vizuri tu. Nikaweka: maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, kanzidata moja (ghala la taarifa zote za mauzo na stoo), seva iko Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ikakatika baharini, wauzaji wakarudi kwenye daftari.

Kwa hasira nikaruka upande wa pili: kila duka na kanzidata yake ya PostgreSQL, usiku zinatumiana taarifa. Kumbe kila duka lilihesabu risiti kuanzia 1, basi risiti 4018 zikawa tatu, kama abiria waliokatiwa kiti kimoja. Nikahamia UUID, namba ndefu za kubahatisha zisizogongana (kuanzia toleo la 13 la PostgreSQL, gen_random_uuid() ya kuzitengeneza imo humohumo), na namba anayoiona mteja ikatanguliwa na herufi ya duka: A-4018.

Stoo ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa nasafirisha salio, ujinga mtupu. Asubuhi saruji mifuko 60. Makao makuu wanaingiza mzigo wa 20, kwao inasoma 80. Duka linauza 3, kwake 57. Usiku namba ya duka inafika mwisho na kufuta ya mwenzake: 57, wakati stoo ina 77. Siku hizi yanasafiri mapokezi na mauzo tu, +20, −3, salio linajumlishwa huko huko. Yachelewe, yapishane njiani, jumla haibadiliki. Yakifika mara mbili, amri ya ON CONFLICT DO NOTHING (kama tayari ipo, usifanye kitu) inayatupa yaliyojirudia.

Halafu angalia betri ya CR2032, ile ya duara inayotunza saa kwenye ubao wa kompyuta. Ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma na mauzo ya leo yanajificha huko. Betri ni bei ya soda mbili tatu.

Bei, orodha ya bidhaa na watumiaji vinatoka makao makuu na kushuka, duka halivigusi. Mauzo yanapanda tu.

Mikopo ilikataa kukaa upande wowote, maana duka lisilo na mtandao halijui mteja amekopa wapi kwingine. Hapa najisifu kidogo: nilikigawa kile kikomo chenyewe cha mkopo. Mwenye ruhusa ya 3,000,000 ana 1,000,000 kila duka, na duka linamkopesha hata laini ikiwa imekufa. Mtandao ukirudi, makao makuu yanahamisha kilichobaki kwenda anakonunua zaidi, ila duka linalotoa lipunguze kwanza ndipo linalopokea liongeze. Kuna mkandarasi ameshagundua, anazunguka yote matatu siku moja. Azunguke, 3,000,000 haivuki.