Uji Usio na Karanga

Uji wa lishe wa chekechea yetu ulikuwa na sifa mtaani. Mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga, vyote vikipitishwa kwenye kikaango kabla ya kwenda mashine. Kuna wazazi waliotuomba vipimo ili wapike nyumbani. Kwa hiyo mwaka 2016, pale Tanga, mama mmoja alipomleta mwanawe wa miaka minne darasani kwangu na kuniambia, "Mwalimu, huyu na karanga hawapatani hata chembe," sikuhitaji kuzitafuta. Zilikuwa jikoni, na karibu kila mtoto alikuwa akizinywa kila asubuhi.

Alinieleza bila kuzunguka. Kijana alionjeshwa kashata akiwa mdogo, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, kifua kikaanza kulia. Majirani walisema jicho. Daktari ndiye aliyesema ni mzio. Mama alileta barua ya daktari, dawa ya aleji ya maji, na namba ya bodaboda aliyekaa nyuma ya shule. Hiyo namba ndiyo iliyonionyesha kuwa mama huyu amefikiri. Dawa ile hutuliza mwasho na vipele tu. Pumzi ikibana, kinachookoa ni sindano ya adrenalini ya paja, na sindano ilikuwa hospitali.

Mpishi wetu, mtu mzima tuliyemwita Bibi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani tukimtilia kidogo kidogo, si atazoea?" Mama hakukasirika; na yeye alikwisha kumuuliza daktari vivyo hivyo. Akajibiwa kwamba upo utafiti uliofanywa London na kutolewa mwaka 2015, ambapo watoto wachanga wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, walilishwa vyakula vya karanga mapema, na waliokuja kupata mzio wa karanga wakawa wachache mno kuliko wenzao walioepushwa nazo. Ila hao walianzishwa kabla mzio haujajijenga. Huyu alishavuka hapo, na jiko la shule si mahali pa kujaribia. Bibi akasema, "Haya, tumekwisha elewana," akaenda kuosha masufuria.

Tukatoa karanga kwenye vipimo. Siku ya kwanza ya unga mpya, mtoto alikunywa vijiko vichache tu akaanza kujikuna shingo. Mabaka yakapanda hadi masikioni. Nilimpa dawa kama barua ilivyoelekeza, nikampigia mama, bodaboda akafika, nikaenda naye hospitali nikiwa nimempakata. Walimwangalia mpaka mchana. Pumzi haikubana, alhamdulillahi.

Bibi aliapa kwamba hakutia hata punje. Nilimwamini, lakini nilitaka kujua, basi jioni tukaongozana hadi mashine. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya ndoo, na ya kwanza ilikuwa lishe ya mtu mwingine, karanga zinaonekana waziwazi. Ilipokwisha, kijana alimimina mahindi ya mwanamke aliyefuata bila hata kuzima injini. Unga wa mwanzo ulitoka ukinukia karanga. Nilipomuuliza, alicheka: "Mwalimu, kila mtu hapa huondoka na kidogo cha mwenzake."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya mahindi tu. Tukahamia huko, na uji ukawa wa mahindi na maziwa, kwa darasa zima. Hapo ndipo wazazi walipokuja juu, na sikuona kwamba wanakosea kabisa: karanga ni protini na mafuta ya bei nafuu, na kuna watoto ambao uji wetu ndio ulikuwa mlo wao wa maana mpaka jioni. Baba mmoja alisimama kikaoni, "Mtoto mmoja ndiye atupangie sote?" Bibi, ambaye kwa kawaida hakai kwenye vikao, alijibu kutoka mlangoni kwamba yai la kuchemsha nalo ni chakula, tena aliye na kuku alete. Mayai yakaja, si mengi, lakini yakaja.

Vitafunwa vya nyumbani vilinisumbua kuliko uji. Kashata ya nazi haina karanga, ila muuzaji huikatia kwenye sinia lile lile la kashata ya karanga. Nikaomba waletewe matunda au mihogo ya kuchemsha, na mikono ioshwe kwa maji na sabuni wanapofika, maana kitakasa mikono hakiondoi mabaki ya karanga. Kazi kubwa ilikuwa kuwazuia kugawana. Mtoto wa Kiswahili hulelewa akiambiwa asile peke yake mbele ya mwenzake, na mimi nawaambia mkono usivuke sahani! Walielewa kwa namna yao. Wakawa wanakagua kila kitu, hata chungwa: "Hili lina karanga?"

Kijana alipokwenda kuandikishwa darasa la kwanza, mama yake alimwomba Bibi amsindikize. Walianza kwa mwalimu mkuu, kisha wakatoka getini kwa kina mama wauza kashata na ubuyu, mmoja baada ya mwingine. Mama alikuja kuniambia kwamba yeye alibeba barua tu. Maneno yote alisema Bibi.